Kijana kaletwa kasualti hajitambui, wakampima unga bila kuuliza mtu. Wana ruhusa hiyo?

#1 Mjomba_Mlnd
Salaam wana jukwaa. Mwenye ujuzi wa sheria au wa udaktari anisaidie.

Mpwa wangu aliokotwa usiku kando ya barabara, hajitambui. Kijana wa boda akasimamisha tuktuk, wakampeleka kasualti ya hospitali moja hapa Malindi. Ya serikali au ya mtu binafsi, msiniulize. Mimi na mamake tulifika baadaye. Tukakuta ameshatiwa dripu, ameshawekwa mpira wa mkojo, na mkojo umeshapimwa dawa za kulevya. Hata hatujamwona mtoto, aliyekuwa dirishani akaita kwa sauti, "Nani wa yule wa unga?" Benchi zima likageuka. Asubuhi dada yangu kaenda kununua mahamri, anapewa pole kwa kuwa mwanawe amekuwa teja.

Kijana anaapa hajagusa. Najua wote huapa, mimi si mtoto. Lakini walikuwa na ruhusa ya kupima bila kuuliza mtu? Na yale majibu ni ya nani, yake, yetu au ya benchi?

Ni kijana wa [mtaa umeondolewa], anafanya kazi [imeondolewa], si mtu wa vijiweni.

#2 Kobe_la_Mida
Poleni. Hospitali gani?

#3 Mjomba_Mlnd
Nimesema msiniulize.

#4 Wakili_Baraza
Umeuliza mambo mawili, usiyachanganye. Kuna kupima, na kuna kutangaza.

Kupima: Katiba ibara ya 43(2) yasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 9, yataka mgonjwa aelezwe na aridhie. Ila akiwa hajitambui, na kungoja kunaweza kumuua au kumwachia dhara la kudumu, wanaendelea bila kumngoja aamke. Hapo hospitali ina pa kujitetea.

Kutangaza: kifungu cha 11 cha sheria hiyo hiyo kinaweka siri hali yake, matibabu yake, hata huko kulazwa kwake. Habari hizo hutoka kwa idhini yake ya maandishi, kwa amri ya mahakama au sheria nyingine, au pale ambapo kunyamaza kunahatarisha afya ya umma. Unga wa mtu mmoja si kipindupindu. Hapo dirishani sioni utetezi.

#5 Bint_Muyeye
"Hata huko kulazwa kwake"? Basi hospitali zote za Kenya zina kesi. Mimi nilipojifungua, soja wa getini alimwambia mume wangu ni mtoto wa kike kabla mimi sijamwambia.

#6 Kobe_la_Mida
Soja wa getini ndiye faili lenyewe. Ukitaka kujua nani kafa, nani kazaa, nani katoroka na dripu mkononi, mnunulie chai.

#7 Nesi_Zamu_ya_Usiku
Nafanya kazi kasualti, kaunti nyingine ya pwani, kwa hiyo msinitafute.

Mtu akiletwa hajitambui hatuanzi na mkojo. Tunaanza na pumzi. Kisha sukari ya kidoleni, kwa sababu mwenye kisukari ambaye sukari imemshuka huonekana mlevi mtupu, na wako waliolazwa pembeni "walewe walale" kumbe sukari ndiyo inawaua. Kisha malaria, kisha tunakagua kichwa kama kimegongwa, tunatazama mboni. Mboni zikiwa zimesinyaa na anapumua chini ya mara 12 kwa dakika, anapewa naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na unga, kama ipo kabatini. Hakuna anayengoja kijiti cha kupimia mkojo hapo. Akiamka kwa naloksoni, jibu tayari unalo.

Kwa hiyo kipimo kile, kwa maoni yangu, hakikubadilisha tiba ya usiku ule. Mara nyingi hupimwa kwa sababu kipo kwenye fomu na vijiti vipo kwenye droo.

Kuhusu dirishani sina la kutetea. Ila jueni kasualti nyingi vitanda vimepangwa mguu kwa kichwa, pazia moja limeraruka, jingine limepelekwa kufuliwa halijarudi. Daktari akimuuliza mgonjwa "umetumia nini?", wanasikia watu wanane. Hata tukinong'ona.

#8 Daktari_Mkimya
Nesi, nusu nakubali na nusu sikubali.

Usiku hujui kilichomlaza mtu. Wengi wanaokuja na harufu ya kitu, chini yake kuna damu kichwani au homa ya uti wa mgongo. Kipimo kina msaada pale picha haieleweki, au mgonjwa anapigana na unataka kumpa dawa ya kumtuliza, au unamhamishia Mombasa na wa kule watakuuliza. Sioni ubaya kupimwa.

Ubaya ni kusomwa na asiyejua. Kijiti kinasema kuna kitu cha jamii fulani. Hakisemi ni kipi, hakisemi lini, wala hakisemi kwamba hicho ndicho kilichomwangusha. Mvutaji bangi wa kila siku anaweza kuonekana hata mwezi mzima baada ya kuacha. Mofini huonekana siku mbili tatu. Alama ya heroini yenyewe, 6-MAM, huondoka mkojoni ndani ya siku moja hivi, na kijiti cha kawaida cha opioidi, yaani jamii ya mofini na heroini, hakiitafuti hiyo peke yake. Kuthibitisha kunataka mashine ya maabara kubwa, si kitu cha droo. Kwa hiyo "yule wa unga" ni lugha ya mapokezi.

Mjomba, kijana alikuwa akitumia dawa yoyote ya hospitali au ya dukani?

#9 Mjomba_Mlnd
Dawa ya kikohozi ya chupa, ya duka la dawa. Na pia yuko kwenye dozi ya [imeondolewa].

#10 Daktari_Mkimya
Basi pana maelezo mawili zaidi ya unga. Kama chupa ile ina kodeini, kijiti kitaitika na hakijakosea, maana kodeini ikiingia mwilini sehemu yake hugeuka mofini. Na ile dozi ya pili, ile inayogeuza mkojo rangi ya chungwa, inajulikana kudanganya baadhi ya vijiti vya opioidi. Antibayotiki za jamii ya siprofloksasini nazo hivyo hivyo. Sisemi hakutumia. Nasema kijiti hakiwezi kumtofautisha.

#11 Bint_Muyeye
Rangi ya chungwa. Sasa jukwaa zima limejua ana nini kifuani. Hongereni.

#12 Msimamizi
Nimeondoa mtaa na kazi kwenye #1, na ugonjwa kwenye #9. Malindi si Nairobi. Kwa kazi ile na mtaa ule nawajua vijana wawili tu, na mmoja yuko Qatar.

#13 Mjomba_Mlnd
Mimi ni mjombake, nimekuja kumtetea.

#14 Bint_Muyeye
Na yule wa dirishani alikuwa akitafuta jamaa zake. Kila mtu ana sababu yake nzuri.

Lakini Daktari umegusa jambo linaloniudhi siku zote. Mtu akitaka kubishana na kipimo cha unga lazima ataje dawa zote anazomeza. Yaani ili usiitwe teja ujitangaze una ugonjwa mwingine. Mwenye efavirenzi je, ile dawa ya VVU ambayo nasikia huonekana kama bangi? Asimame dirishani aseme?

#15 Daktari_Mkimya
Ni kweli, efavirenzi imewahi kuleta jibu la uongo la bangi kwenye baadhi ya vijiti. Mahali pa kuyasema hayo ni chumbani na daktari, mlango umefungwa. Mlango ukiwepo.

#16 Baharia_Mstaafu
Yalinikuta ya kikohozi, si hospitalini, ni kwenye vipimo vya kupanda meli. Mkataba upo tayari, begi limefungwa. Nilikuwa na mafua, nikanywa chupa ya dukani. Mkojo ukaitika. Nikawaambia pimeni tena kwa mashine, wakasema meli haingoji. Wakala hakuniambia mimi kwanza, aliwaambia wenzangu niliokuwa nao foleni. Nikarudi Malindi nikakuta habari zimetangulia, na mimi nilipanda basi la kwanza.

#17 Kobe_la_Mida
Ndiyo ukastaafu?

#18 Baharia_Mstaafu
Ndiyo nikauza samaki. Endelea kucheka.

#19 Metha_Saa_Nne
Nimesoma wote, mnaongea kama watu ambao hawajawahi kulala hapo kitandani. Mimi nilitumia unga miaka mingi, sasa niko kwenye methadoni, dawa ya kuachia unga, ile ya kliniki hapa Malindi. Kila siku foleni, kila siku nakunywa mbele ya nesi. Siri yangu iliisha zamani.

Nilivunjika mguu na boda. Nikamwambia daktari wa zamu niko kwenye metha, asije akanipa kitu kibaya. Akapima mkojo, kijiti cha opioidi hakikuitika. Akaniambia namdanganya nataka dawa za bure. Hakujua kuwa kijiti kile hakishiki methadoni, inataka chake. Nikalala na mguu uliovunjika na panado. Kwa hiyo kuna walioitwa teja kwa kijiti kuitika, mimi niliitwa mwongo kwa kijiti kunyamaza.

La pili, na hili msilipende: siri nyingine zinaumiza. Niliwahi kupewa dawa za TB nikiwa kwenye metha. Wa TB hawakujua habari za metha, na ningemwambia nani pale, karani ni jirani yangu mlango kwa mlango. Wiki hazikupita nyingi nikaanza arosto, jasho, mifupa inauma, tumbo linaendesha, na metha nakunywa kila asubuhi. Nilikaribia kurudi maskani. Kumbe rifampisini, mojawapo ya hizo dawa za TB, huifanya ini iimalize methadoni haraka, dozi inapaswa kupandishwa. Ingekuwa kliniki mbili zimezungumza, nisingeteseka.

#20 Nesi_Zamu_ya_Usiku
#19 asante kwa hili. Ongeza na naloksoni: hufanya kazi nusu saa mpaka saa moja na nusu, methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku. Mgonjwa anaamka, anataka kwenda nyumbani, kumbe atazama tena. Tukimzuia, familia inadhani tunamngojea polisi.

#21 Kijana_wa_Ngala
Tujivunie kidogo basi. Kliniki ya metha ya Malindi ndiyo ilikuwa ya kwanza Afrika Mashariki.

#22 Tanga_Raha
Mkuu wa Ngala, acha uongo wa mchana. Muhimbili Dar walianza 2011. Na hata huko kwenu Kenya, Mathari ya Nairobi ilitangulia mwishoni mwa 2014, Malindi ikafuata 2015.

#23 Kijana_wa_Ngala
Basi ya kwanza Pwani ya Kenya. Usininyime na hiyo.

#24 Kijana_wa_Ngala
Kwenye mada. Kule Marekani haya hayatokei, wana HIPAA, sheria ya siri za wagonjwa, tangu 1996, hospitali haithubutu kupima mtu unga bila idhini wala kumwambia polisi.

#25 Wakili_Baraza
Wanathubutu, ndiyo maana kuna kesi. Charleston, Carolina Kusini, hospitali ya chuo kikuu ilikuwa ikipima kokeini mikojo ya wajawazito waliokuja kliniki, na majibu yakipelekwa polisi. Wanawake wakakamatwa, wengine wametoka kujifungua. Kesi ya Ferguson, Mahakama ya Juu ya Marekani, 2001: kupima kwa ajili ya polisi, bila idhini ya mgonjwa, ni upekuzi uliokatazwa na katiba yao. Jambo lililowashinda pale ni lengo. Kipimo hakikuwa cha tiba.

Na 2017, nadhani ni Chicago au mji mwingine, kuna nesi alitiwa pingu kwa kukataa mgonjwa aliyezimia atolewe damu.

#26 Nesi_Zamu_ya_Usiku
Salt Lake City, Utah. Manesi wote duniani tuliiona ile video. Alex Wubbels, wodi ya walioungua. Mpelelezi alitaka damu ya dereva aliyezimia, hana amri ya mahakama, mgonjwa hajakamatwa kwa kosa lolote, wala hawezi kukubali. Alex akamsomea sera ya hospitali kwa utulivu, akakokotwa nje na pingu. Baadaye alilipwa dola 500,000 na yule mpelelezi akafukuzwa kazi.

Hapa ningekuwa nimeshahamishwa kituo.

#27 Wakili_Baraza
Sawa, Salt Lake City. Ila tusiende mbali, na hapa kwetu mahakama imeshasema kuhusu siri za wagonjwa. Februari 2015 rais aliagiza ikusanywe orodha ya watoto wa shule wenye VVU. Mashirika yakaenda Mahakama Kuu, Desemba 2016 ikaamuliwa kwamba kukusanya majina namna ile kunavunja haki ya faragha, ibara ya 31. Kama agizo la Ikulu lilianguka, mtu wa dirishani ni nani?

#28 Mwamu_Asili
Nyinyi wa Malindi mwalalamika pazia. Kuyani Amu, yaani Lamu. Mgonjwa atoka Faza kwa boti, ashushwa gatini mbele ya watu, apakiwa mkokoteni, apitishwa Langoni ndia ndogo, na kila baraza lauliza "nani huyo, ana nini?" Afikapo hospitali watu washamaliza kumpima kwa mato. Daktari yeye ndiye wa mwisho kujua.

Punda wa Amu wana hospitali yao tangu 1987, wala hakuna awapimao mkojo.

#29 Bint_Muyeye
Punda naye siri yake inatunzwa kuliko binadamu. Nimecheka mpaka mtoto kaamka.

#30 Boda_wa_Maweni
Mimi ni mtu wa boda, na naona mnakwepa kusema. Habari za mitaani nyingi hazitoki hospitali, zinatoka kwetu. Ukimwokota mtu, unaulizwa na wenzako stejini, unasema "nimembeba jamaa kazima, nadhani unga". Hiyo "nadhani" ikifika duka la pili haipo tena. Mjomba, una hakika mahamri ya dada yako yalisikia kutoka dirishani? Benchi usiku lina watu sita, nusu yao wana homa. Steji ina watu ishirini.

#31 Mjomba_Mlnd
Aliyempeleka ni mtu mwema, sitaki kumtia mashakani.

#32 Boda_wa_Maweni
Nami sisemi ni mbaya. Nasema ana mdomo.

#33 Kobe_la_Mida
Mimi naona ni bima. Tangu NHIF ikaondoka na SHA ikaingia Oktoba 2024, kila kitu lazima kiwe na karatasi. Wanapima ili waandike kwenye dai.

#34 Nesi_Zamu_ya_Usiku
Sikuona dai likikwama kwa kukosa kijiti cha mkojo. Yanakwama kwa mtandao. Jamaa akifika hana kitambulisho wala simu, huwezi hata kumtafuta kwenye mfumo.

#35 Mjomba_Mlnd
Nesi umenikumbusha. Kijana hakuwa na simu. Wala pochi. Tulidhani zimebaki hospitali, wakasema aliletwa hivyo hivyo. Jana ndiyo amesema jioni ile alikaa na watu asiowajua vizuri, wakamnunulia soda. Baada ya hapo hakumbuki.

#36 Bint_Muyeye
Mchele!!! Kawekewa mchele, dawa ya kulaza, huyo.

#37 Daktari_Mkimya
Inawezekana, na hapo ndipo kijiti kinaponitia wasiwasi. Mjomba, kilikuwa kijiti cha vitu vingapi? Dawa za kuwalaza watu kwenye vinywaji mara nyingi ni za jamii ya diazepamu. Kijiti cha opioidi peke yake hakioni hizo hata glasi ikiwa imejaa. Na hata vile vya vitu vingi, baadhi ya dawa za jamii hiyo hupita bila kuonekana. Wakishapata jibu la kwanza wanaandika "unga" na hakuna anayetafuta la pili.

#38 Metha_Saa_Nne
Ila pia anaweza kuwa alitumia na akaibiwa. Hayo mawili hayagombani. Mimi nimeibiwa viatu nikiwa nimezima, na sikuwekewa mchele na mtu.

#39 Mjomba_Mlnd
Kwa hiyo sasa nataka majibu yale yale niliyokuwa nayalaani. Kituo cha polisi wanataka P3, fomu yao ya kidaktari, ijazwe, na daktari atajaza kwa faili. Faili linasema unga.

#40 Wakili_Baraza
Basi faili lipatikane kwanza. Kijana ni mtu mzima? Kama ndiyo, aandike yeye mwenyewe barua kwa msimamizi wa hospitali aombe nakala, ikiwemo jina la kijiti, saa ya kupima, na aliyesoma. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa haki ya kuziona habari zake na kutaka zirekebishwe kama ni za uongo au za kupotosha. Za afya zimewekwa daraja la habari nyeti. Wasipojibu, kuna malalamiko kwa Kamishna wa Data, ambayo sheria inataka yamalizwe ndani ya siku 90. Aombe pia waandike "kipimo cha awali, hakijathibitishwa". Maneno hayo manne yatamfaa kwenye P3 kuliko kelele zote za humu.

#41 Mjomba_Mlnd
Niandike mimi, kijana mvivu wa karatasi.

#42 Wakili_Baraza
Wewe hutapewa, na wakikupa watakuwa wamerudia kosa lile lile.

#43 Mjomba_Mlnd
Bili nimelipa mimi!

#44 Wakili_Baraza
Una risiti yako. Faili ni lake. Labda akuandikie idhini, aitie sahihi.

#45 Mjomba_Mlnd
Mamake amesema tusiandike chochote, ati tutachochea maneno upya. Kijana anasema tuandike. Mimi nimekaa katikati.

#46 Bint_Muyeye
Kwa hili msikilize kijana.

#47 Boda_wa_Maweni
Msikilize mamake. Miezi miwili watu watakuwa na habari nyingine.

#48 Kobe_la_Mida
Daktari, kabla hujaondoka. Muguka unaonekana kwenye kijiti? Nauliza kwa ajili ya rafiki.

#49 Daktari_Mkimya
Muguka na miraa zina kathinoni, jamaa wa karibu wa amfetamini. Baadhi ya vijiti vya amfetamini huweza kuitika. Mwambie rafiki.

#50 Tanga_Raha
Si mlipiga marufuku muguka huko Kilifi?

#51 Kijana_wa_Ngala
Mei 2024 gavana alipiga marufuku, korti ikasimamisha marufuku. Rafiki wa Kobe hakusimama hata siku moja.

#52 Baharia_Mstaafu
Kobe, kama unataka kupanda meli niulize mimi. Na usinywe dawa ya kikohozi.